Kalenda za Mwaka Tisini na Tano

Kalenda mia sita za duka langu nilizichapisha Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 1994. Duka la baiskeli na vipuri lilikuwa na miaka mitatu, na mimi nilikuwa bado na nguvu za kuamini mambo makubwa. Lori lililozibeba lilikwama Rufiji, mvua zikakata barabara, na kalenda za mwaka 1995 zikafika Mtwara mwezi wa Juni mwaka 1995. Hakuna anayetaka kalenda mwezi wa Juni. Niligawa mia na ushee kwa kubembeleza. Nyingine mke wangu Raheli alizifanya majalada ya madaftari ya watoto, akatandika rafu za jikoni, akazungushia sabuni za vipande. Mabunda matatu yalibaki juu ya kabati, yamefungwa kwa kamba ya katani, na yalikaa huko miaka kumi.

Mwaka 2005 duka jipya lilifunguliwa karibu na stendi. Lilikuwa na bango la bati lililopakwa rangi tatu, na gari lenye kipaza sauti lililopita mtaa wetu wa Rahaleo asubuhi, mchana na jioni likitaja bei za baiskeli kwa sauti ya kijana aliyejifunza kucheka akiongea. Mimi nilikuwa na maandishi juu ya mlango ambayo jua lilikuwa limekula herufi mbili. Nilikwenda kwa mchapaji kuuliza bei ya vipeperushi. Niliporudi Raheli alinitazama usoni, hakuuliza, akanimiminia uji.

Yafaa niseme mapema kilichokuwa kinanisumbua. Duka langu halikuishi kwa watu wa mjini. Liliishi kwa watu wa kijiji cha Ziwani. Mwaka 1993 mkulima mmoja wa huko, Bakari, alinunua baiskeli kwangu na rimu ikapinda kabla hajafika kwake. Akarudi akiikokota. Nilimpa rimu nyingine bila maneno, maana niliona ubovu ni wa rimu, si wake. Tangu hapo kila msimu wa korosho, watu wakishauza, Bakari alichagua Jumamosi moja ya Desemba akaja na wenzake, thelathini, mara nyingine arobaini. Walinunua baiskeli, tairi, minyororo, keria za kubebea magunia. Siku hiyo moja ndiyo iliyobeba mwaka wangu mzima.

Msimu uliopita walikuja kumi na wanane. Mwezi wa tisa mimi na Raheli tulikaa tukakubaliana: Ziwani wasipokuja Desemba hii, tunafunga duka na kurudi Tukuyu, kwa mdogo wangu. Nilikuwa na miaka sitini na minane. Miaka thelathini na mitano nilikuwa nikimwandikia mdogo wangu kwamba mambo ya Mtwara ni mazuri. Kuingia nyumbani kwake na sanduku moja na kuonyeshwa chumba cha kulala ni kitu ambacho sikutaka kukifikiria, na nilikifikiria kila siku.

Basi siku moja nilipanda juu ya stuli kutafuta ankara ya zamani, nikakutana na yale mabunda. Nilishuka na kalenda moja, nikaketi nayo mezani.

Mimi niliingia bandarini nikiwa kuli nikatoka nikiwa karani wa ghala, na kilichonipandisha ni masomo ya jioni. Miaka minne, baada ya kazi, mgongo ukiuma, nilikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu nikajifunza hesabu za magazijuto na barua za kiofisi. Kwa hiyo sikuitazama kalenda ile kama takataka. Nilijua mwaka wa kawaida husogeza siku ya juma hatua moja, na mwaka mrefu, wenye Februari ya siku ishirini na tisa, husogeza mbili. Kutoka 1995 hadi 2006 ni miaka kumi na mmoja, na ndani yake imo miaka mirefu mitatu. Kumi na moja na tatu ni kumi na nne. Siku kumi na nne ni majuma mawili kamili.

Nilihesabu mara ya pili kwa vidole. Tarehe mosi Januari 1995 ilikuwa Jumapili. Tarehe mosi Januari 2006 ingekuwa Jumapili. Kalenda ilikuwa imekwenda ikazunguka ikarudi nyumbani.

"Mama Gladness," nilimwita Raheli. "Kalenda zetu zimefufuka."

Alisikiliza hesabu yote akiwa amesimama na mwiko mkononi. Hakuwahi kunikatiza ninapofundisha. Aliacha nimalize ndipo aniue.

"Na Pasaka?" aliuliza. "Pasaka haina tarehe."

Nilikwenda hadi kwa mchungaji kuazima shajara yake mpya. Mwaka 2006 Pasaka ilikuwa tarehe 16 Aprili. Nilifungua kalenda yangu. Tarehe 16 Aprili, nyekundu, Pasaka. Njiani nilitembea kama mtu aliyepokea barua kutoka juu.

"Imekubali," nilimwambia Raheli.

"Na hii picha?" Kalenda ilikuwa na picha yangu nimesimama mbele ya duka na baiskeli sita mpya, nywele nyeusi tii. "Watasema mzee amekufa, duka anaendesha mwanawe."

"Wakija kuhani watanunua tyubu."

Kazi ilituchukua wiki tatu. Tulikuwa na kalenda mia mbili na arobaini. Nilimpa mchonga mihuri wa sokoni achonge muhuri wa 2006. Raheli alipika uji mzito wa unga wa muhogo, tukabandika ukanda wa karatasi nyeupe juu ya 1995, yeye akagonga muhuri. Namba ya simu ya zamani nilifunika, nikaandika ya simu ya mkononi kwa mwandiko wa ghalani, tarakimu zimesimama wima. Tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Baba wa Taifa, haikuwapo mwaka 1995. Niliipaka wino mwekundu kwa mkono, mara mia mbili na arobaini, nikijivunia kwamba mtu mwingine angeisahau. Kalenda zilizoliwa na mende tulizikata, picha ya baiskeli ikawa kadi ya bei ya kuning'iniza dukani, na maneno ya chini, "Baiskeli imara kwa mkulima hodari", tukayabandika mlangoni pale herufi zilipofutika. Hatukutupa kitu. Mgongo wangu ulikuwa umekwisha, lakini nilipoona zile kalenda zimepangwa nilihisi kwamba kijana wa kipaza sauti angesikia habari zangu.

Mwanzoni mwa Desemba Bakari alipita mjini, nikampa kalenda themanini awapelekee watu wake kabla ya Jumamosi yao, ambayo ilipangwa kuwa tarehe kumi na saba.

"Mwalimu, umetukumbuka," alisema. Aliniita Mwalimu tangu siku niliyomweleza kwa nini rimu hupinda. Alizifunga juu ya keria bila kufungua, akaondoka.

Tarehe kumi na saba nilifungua duka kabla ya jua. Nilikuwa nimepanga baiskeli kwa safu, nimejaza upepo tairi zote, nimepiga kengele moja moja kuona zinalia. Saa nne hawajaja. Saa sita Raheli alileta chakula cha watu kumi, wali na samaki, maana tulizoea kuwalisha wa kwanza kufika. Saa tisa aliufunika wali kwa kawa na kukaa kwenye benchi.

Anayeuza vitumbua mbele ya duka langu ni Zuhura, mzaliwa wa Ziwani, mwanamke wa maneno. Siku ile alikuwa kimya mno. Alipokuwa anakunja meza yake nilimwuliza.

"Bi Zuhura, wenzako wamepatwa na nini?"

"Hawajapatwa na kitu, Mzee Mikaeli."

"Mbona hawakuja?"

Alifuta mikono kwenye khanga, akanitazama kama anayenipima kama nitaanguka. "Mzee, mimi nikuulize. Mwaka ujao tunafunga mara mbili?"

"Kufunga nini?"

"Ramadhani. Tumemaliza juzi tu, mwezi wa kumi na moja tumekula Idi. Kalenda yako inasema Idi ni tarehe tatu mwezi wa tatu. Sasa wanangu wananiuliza, mama, tuanze kufunga Februari? Nikawaambia subirini, Mzee Mikaeli ana mwezi wake, unaandama dukani kwake." Alianza kucheka, kisha akaona Raheli, akaacha. "Na Idi Kubwa, ile ya kuchinja, umetuwekea mwezi wa tano. Mzee, Idi ya kuchinja iko hapo mlangoni. Mbuzi wameshanunuliwa."

Niliingia ndani nikaitoa kalenda ukutani. Ilikuwapo. Tarehe 3 Machi, nyekundu, Idd el Fitr. Tarehe 10 Mei. Macho yangu yalikuwa yamepita juu ya tarehe zile mara mia mbili na arobaini. Nilijua kwamba sikukuu zao hufuata mwezi wa angani. Ni jambo ambalo kila mtu wa Mtwara analijua, nimeishi nao tangu 1970, nimekula pilau zao. Sikukosa elimu. Sikufikiria tu.

"Wamekasirika?" Raheli alimwuliza Zuhura.

"Wengine wamecheka. Wazee hawakucheka."

Usiku huo sikulala vizuri, wala sitaeleza zaidi. Jumatatu nilifunga duka, nikachukua baiskeli yangu, chupa ya wino mwekundu, wino mweupe, kalamu mbili na gundi kwenye kopo la maziwa. Raheli aliishika keria.

"Panda gari, Baba Gladness."

"Muuza baiskeli hafiki kwa wateja wake kwa gari."

"Basi ufike ukiwa mzima."

Nilifika adhuhuri imekwisha kusaliwa, shati limenigandia mgongoni, magoti yakilia kama pedeli mbovu. Uwanja wa nyumba ya Bakari ulikuwa umetandazwa korosho za mwisho za msimu. Mkewe Mwanahawa alikuwa anazipindua kwa mguu. Alinipa shikamoo, akaniletea maji, akaniletea kiti, na hakunitania. Hilo liliniumiza kuliko maneno ya Zuhura.

Bakari alitoka akaketi mkabala nami. Tuliulizana habari za nyumbani, za watoto, za mikorosho. Alisema salfa ya kupulizia mikorosho mwaka huu ilichelewa. Nilisema pole. Kisha akaingia ndani akarudi na bunda, akaliweka miguuni pangu. Zilikuwa kalenda zangu, zimefungwa kwa kamba yangu ile ile ya katani.

"Sabini na nne," alisema. "Sita watoto wamezichana. Nilipita nyumba kwa nyumba nikazikusanya mwenyewe. Sikutaka mtu afungie tumbaku picha yako."

"Nashukuru."

"Usishukuru. Niliaibika. Mimi ndiye niliyezileta."

Nilikuwa nimetunga hotuba ya kujitetea njiani, yenye mtambo wa uchapaji ndani yake, na uzee, na macho. Nilifungua kinywa kuianza.

"Nikuulize kitu kimoja, Mwalimu," Bakari alisema. "Pasaka yenu uliitazama kama iko sawa?"

Ningeweza kusema hapana. Nimewahi kusema uongo mkubwa zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

"Niliitazama. Nilikwenda hadi kwa mchungaji."

"Ikawa sawa?"

"Ikawa sawa."

"Basi." Aliokota korosho moja iliyoruka nje ya mkeka, akairudisha. "Hilo ndilo walilolisema wazee. Walisema, huyu ni mtu wa hesabu, hakosei hesabu. Akikosea ni kwamba hakuhesabu."

Hotuba ilinitoka yote kichwani. Niliketi pale nikitazama mikono yangu, yenye wino mwekundu chini ya kucha.

"Na Jumamosi?" niliuliza mwishoni, kwa sababu sikuweza kuondoka bila kuuliza.

"Jumamosi si kwa ajili ya kalenda tu. Alhamisi lile duka la stendi lilileta lori hapa hapa, kwenye kituo cha kununulia korosho. Mtu amepokea fedha, baiskeli iko mbele yake, inang'aa. Ningewaambia nini? Wasubiri waende kwa Mwalimu?" Aligeuza korosho moja kwa kidole. "Mwaka jana ningewaambia. Mwaka huu sikuwa na mdomo."

"Wamenunua wangapi?"

"Wengi."

Mwanahawa alikuwa ameacha kupindua korosho. Upepo ulikuwa umekufa, na harufu ya mabibo yaliyochacha ilikuwa nzito uwanjani. Nilifikiria chumba cha kulala cha Tukuyu. Kisha nikafungua kamba ya lile bunda, maana nilikuwa nimekuja na wino na sikujua la kufanya lingine.

"Nitajie," nilimwambia Bakari. "Tarehe za kweli. Niandike."

"Tarehe za kweli ni za mwezi kuandama."

"Najua. Nitajie za karibu, nitaandika kwamba zitategemea mwezi."

 Bakari akamwita Mwanahawa aondoe mikeka upande mmoja, akaketi chini karibu na kiti changu, nami nikashuka kitini nikaketi chini pia. Akaanza kunihesabia kwa mafundo ya vidole. Ramadhani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu. Mwezi mmoja wa siku thelathini, mwingine ishirini na tisa. Mwaka wao mfupi kuliko wangu kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo kila sikukuu inarudi nyuma, haisimami. Maulidi, Mfungo Sita, itaangukia Aprili. Idi Ndogo, Oktoba mwishoni. Idi Kubwa, karibu na tarehe kumi Januari.

"Na nyingine mwisho wa Desemba," alisema.

"Nyingine ipi?"

"Idi Kubwa. Mwaka wako wa 2006 una Idi Kubwa mbili."

"Haiwezekani sikukuu moja iwe mara mbili kwa mwaka mmoja."

"Hesabu."

Nilihesabu. Tarehe kumi Januari, ongeza siku mia tatu hamsini na nne. Nilifanya pembeni ya kalenda kwa kalamu, kama nilivyofundishwa, nikaishia Desemba, tarehe thelathini au thelathini na moja. Bakari alikwenda chuo cha Kurani miaka mitano na shule ya serikali miwili. Hakucheka. Alisogeza bunda karibu yangu.

Nilifuta na kuandika hadi alasiri. Mwanahawa alikata vipande vya karatasi nyeupe kwa wembe. Kalenda iliyokwisha, Bakari aliianika juani kando ya korosho ili wino ukauke. Zilikuwa zimechafuka. Karatasi juu ya karatasi, wino mweupe, wino mwekundu, mwandiko wangu unaoyumba kwa sababu mkono ulichoka. Kijana wa kipaza sauti angezionea huruma.

Baada ya swala ya alasiri Bakari alinipeleka nje ya msikiti, watu wanavaa viatu. Akasema, "Mzee Mikaeli ana neno," akarudi nyuma hatua mbili akaniacha peke yangu.

Nilisema, "Niliitazama sikukuu yangu, yenu sikuitazama. Mnisamehe. Nimezisahihisha. Asiyeitaka nyumbani kwake sitamlaumu."

 Mzee mmoja aliyekuwa anahangaika na kamba ya kiatu aliuliza bila kuinua kichwa, "Hiyo Idi ya Machi umeshaifuta?"

"Nimeifuta."

"Umenitia hasara. Nilishaitengea jogoo."

Wachache walicheka. Mwingine akasema jogoo huyo ni mzee, asingefika Machi kwa vyovyote. Watu kama ishirini walikuja kuchukua kalenda. Wengine walinipa mkono, wakaondoka bila kalenda. Wengine waliondoka tu. Kijana mmoja alipita karibu yangu akiendesha baiskeli mpya yenye kibandiko cha duka la stendi, akanisalimia kwa adabu, na mimi nikaona kwamba mnyororo wake umelegezwa vibaya. Nilimsimamisha, nikaukaza kwa spana yangu ya mfukoni. Sijui kwa nini. Mkono ulijiendea.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mkesha wa Krismasi. Sikuwa nimepanga baiskeli kwa safu, wala sikuamka mapema. Raheli alikuwa ameanza kukunja mashuka ya ziada na kuyatia kwenye sanduku, kidogo kidogo, bila kunitazama. Saa tano Zuhura alinyoosha shingo kutoka kwenye kikaango chake akasema, "Mzee, hao."

Walikuwa tisa, na Bakari wa kumi. Wanne walitaka baiskeli. Watano walitaka vipuri: tairi, keria, spoku, na yule kijana wa baiskeli ya stendi alitaka mnyororo mzima, kwa sababu ule aliouziwa ulikuwa umekatika. Bakari hakununua kitu. Miaka yote alizoea kuwafikisha watu akaenda zake sokoni. Safari hii aliketi kwenye benchi langu hadi wa mwisho alipopata haki yake.

Raheli alitoka na sahani za wali kwa haraka, hakuwa amejiandaa. Aliponipita mlangoni aliuliza kwa sauti ya chini, "Watatosha?"

Nilijua jibu. Tisa hawatoshi. Tisa wangetufikisha labda mwezi wa sita, tukila kidogo, na baada ya hapo ningelazimika kupeleka baiskeli zangu mwenyewe kwenye kituo cha korosho, kuzipakia kwa mkono, katika umri huu, na kusimama kando ya lile lori.

"Toa yale mashuka sandukuni," nilimwambia. "Mwezi wa sita tutaongea."

Alisimama kidogo, sahani mikononi, kama anayetaka kubisha. Kisha akaenda kuwapa watu chakula, na mimi nikapiga magoti kwenye sakafu ya saruji kufunga tairi ya pili.